Pakiti zinafika, mbona magari mawili hayasikiani?

Swali: Habari mtaalamu. Naandaa tasnifu kuhusu magari yanayowasiliana moja kwa moja bila kupitia mnara. Simulesheni yangu ni ya LTE-V2X (teknolojia ya simu ya 4G iliyorekebishwa kwa mawasiliano ya magari), hali ya 4, yaani kila gari linajichagulia nafasi lenyewe. Nina chaneli ya 10 MHz kwenye masafa ya 5.9 GHz. Kila gari lina wenzake wapatao 120 ndani ya masafa ya kusikika, na kila moja linatuma jumbe 10 kwa sekunde: nne za baiti 190, kisha moja ya baiti 300. Chaneli nimeigawa katika chaneli ndogo tano zenye bloku 10 kila moja. Ujumbe mdogo unachukua mbili, mkubwa tatu. Uwezekano wa gari kubaki na nafasi yake nimeuweka 0.8. Ndani ya mita 150, pakiti 92 kati ya 100 zinafika, lakini nakuta jozi za magari zinazokaa sekunde tatu hadi tano bila kusikiana hata mara moja. Nikaamua kila pakiti irudiwe mara ya pili. Mambo yakazidi kuharibika. Je, niachane na hali ya 4 nihamie kwenye mgao wa mnara?

Jibu: Ndugu, usihame kwanza. Ukihama sasa utabeba nusu ya tatizo kwenda nalo huko.

Anza na hiyo 92 yako. Kama pakiti 8 katika kila 100 zingekuwa zinapotea kwa kutawanyika, kila moja kivyake, basi uwezekano wa gari kukosa kumi mfululizo kutoka kwa mwenzake ungekuwa 0.08 mara yenyewe mara kumi, yaani mara moja katika takriban bilioni 93. Wewe unaona thelathini mfululizo, hamsini mfululizo. Kwa hiyo pakiti zinazopotea hazikutawanyika, zimerundikana kwenye jozi chache za magari, na wastani unazifunika. Hali ya 4 imejengwa juu ya kushikilia nafasi: gari likishachagua, linarudi mahali pale pale kila milisekunde 100. Kushikilia huko ndiko kunakowawezesha wengine kulikwepa. Lakini kosa likishaingia, nalo linashikiliwa. Kazi yako si kuondoa makosa yote ya uchaguzi, maana hilo haliwezekani bila msimamizi. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna kosa linalodumu.

Kabla ya hapo lazima tuhesabu nafasi zilizopo, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini kurudia pakiti kulikuumiza.

Bloku moja ya rasilimali ni vibebeo vidogo 12 vilivyopishana kwa 15 kHz, yaani upana wa 180 kHz, na hapa tunaihesabu kwa muda wa fremu ndogo moja ya milisekunde 1. Chaneli ya 10 MHz ina bloku 50. Fremu ndogo ina alama 14. Nne kati ya hizo ni alama rejea za kupimia hali ya mawimbi. Zimekuwa nne kwa sababu magari mawili yanayokutana, kila moja likiwa kwenye 100 km/h, yanahamisha mawimbi ya 5.9 GHz kwa karibu 1.1 kHz, na kipimo cha mwanzo wa milisekunde hakifai tena mwishoni mwake. Alama ya mwisho huachwa wazi ili redio ipate kugeuka kutoka kutuma kwenda kupokea. Zinabaki 9. Kwa modulesheni ya QPSK, ambayo kila alama kwenye kibebeo kimoja hubeba biti 2, bloku moja inabeba biti 12 × 9 × 2 = 216.

Ujumbe wa baiti 190, pamoja na biti 24 za kuhakiki makosa, ni biti 1,544. Chaneli ndogo mbili ni bloku 20. Ukitoa 2 za taarifa ya udhibiti, unabaki na 18, sawa na biti 3,888. Uwiano wa usimbaji, yaani biti za ujumbe kwa kila biti inayotumwa (zilizobaki ni kinga dhidi ya makosa), ni takriban 0.40, salama kabisa. Ujumbe wa baiti 300 ni biti 2,424. Umeupa chaneli ndogo tatu, bloku 30, na ukitoa za udhibiti zinabaki 28. Lakini zinazotumika ni 27 tu, kwa sababu idadi ya bloku za data haipaswi kuwa na namba tasa nyingine ndani yake ila 2, 3 na 5, na 28 ina 7 ndani yake. Uwiano unakuwa 0.42.

Sasa tazama mzigo. Kwa wastani ujumbe wako unachukua chaneli ndogo 2.2. Magari 120 katika kila milisekunde 100 yanahitaji 264, na zilizopo ni 500, yaani asilimia 53. Huo ni mzigo mzito lakini unabebeka. Ulipowasha kurudia, ukahitaji 528 ndani ya 500. Maji yalizidi unga. Hakuna namna ya kuchagua, iwe ya gari au ya mnara, itakayopanga asilimia 106 ndani ya 100. Kurudia kuna faida yake, maana nakala ya pili huenda kwenye fremu ndogo nyingine na hivyo huokoa jozi zilizogongana kwenye ya kwanza, ila ni dawa ya barabara yenye magari machache. Mimi nisingeiwasha mzigo wa chaneli ukishapita asilimia 30.

Sasa tuingie ndani ya uchaguzi wenyewe, hatua kwa hatua, kwa gari moja ambalo kihesabu chake, yaani idadi ya jumbe lilizobakiza kutuma kwenye nafasi yake, kimefika sifuri. Gari lina kumbukumbu ya milisekunde 1,000 zilizopita: kila taarifa ya udhibiti iliyosomeka, nguvu yake, na kelele ya kila chaneli ndogo. Linafungua dirisha la kuchagua, tuseme la milisekunde 100 zijazo. Kwa ujumbe wa chaneli ndogo mbili zinazopakana, kila fremu ndogo ina mahali panne pa kuanzia, kwa hiyo dirisha lina wagombea 400. Linaondoa kwanza wagombea walio kwenye fremu ndogo zinazolingana na zile ambazo lenyewe lilikuwa linatuma, kwa kuwa wakati huo halikusikia kitu. Kisha linaondoa wote waliowekewa nafasi na gari jingine ambalo nguvu yake iko juu ya kizingiti, mfano −110 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Katika msongamano wako huenda wakabaki 30 hivi. Sharti ni wabaki angalau asilimia 20, yaani 80. Hawakutosha, basi kizingiti kinapandishwa desibeli 3 na hesabu inaanza upya: −107, −104, −101, mpaka 80 wapatikane. Maana yake kwa vitendo ni kwamba gari linaanza kukubali kukaa juu ya nafasi ya gari la mbali, kisha la mbali kidogo, kisha la karibu. Mwishoni waliobaki wanapangwa kwa wastani wa kelele, 80 walio kimya zaidi wanachukuliwa, na mmoja anaokotwa kwa bahati nasibu.

Magari mawili yanayofuatana barabarani yanasikia karibu hewa ile ile, kwa hiyo orodha zao za 80 zinafanana sana. Kama yote mawili yanachagua ndani ya dirisha moja, hakuna linalojua mwenzake ameokota nini, maana uchaguzi mpya hautangazwi mpaka pakiti ya kwanza itumwe. Hapa ndipo pakiti nyingi zinapogongana. Kisha kihesabu kinapangwa upya kwa namba ya bahati nasibu kati ya 5 na 15, na mgongano unarudiwa mara hizo zote. Wahusika wawili hawajui kwamba wamegongana: kila mmoja alikuwa anatuma.

Hapo ndipo 0.8 yako inapoingia. Kihesabu kina wastani wa 10, yaani sekunde 1 kwa jumbe 10 kwa sekunde. Kikiisha, gari linabaki na nafasi yake kwa uwezekano wa 0.8, kwa hiyo linakaa pale pale kwa wastani wa sekunde 5. Faida ni kwamba, kati ya magari 120, ni mawili hadi matatu tu yanayochagua ndani ya dirisha lolote la milisekunde 100, na migongano mipya inakuwa michache. Ukishusha hadi 0, kila gari linachagua upya kila sekunde, na dirisha moja lina magari 12 yanayochagua kwa wakati mmoja. Migongano inaongezeka lakini kila mmoja unakufa mapema. Kwa 0.4 unapata magari 7 kwa dirisha na ukaaji wa sekunde 1.7 hivi. Wanaosoma grafu ya wastani wa pakiti zilizofika huchagua 0.8, kwa kuwa ndiyo inayotoa mstari mzuri zaidi. Kwa usalama wa barabarani grafu hiyo inapotosha. Magari mawili yanayokutana kwa kasi niliyotaja yanakaribiana kwa mita 56 kila sekunde. Sekunde tatu za ukimya ni mita 167, na hiyo inazidi mita 150 zote unazozipima. Jozi hiyo inaweza kupishana bila kujuana kabisa huku jedwali lako likiandika 92.

Sababu ya pili ya ukimya mrefu haihusu pakiti kugongana. Redio haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye chaneli ile ile. Magari mawili yakiwa kwenye fremu ndogo moja, hata kama yako kwenye chaneli ndogo tofauti kabisa, wengine wote wanayasikia vizuri, yenyewe hayasikiani. Hesabu ni nyepesi: fremu ndogo ziko 100 katika kila mzunguko, na wenzako wako 119. Kwa kubahatisha tu, kila gari lina mwenzake mmoja hivi asiyeweza kumsikia wala kusikiwa naye. Jozi hiyo inaachana pale mmoja wao anapohama, na kwa 0.8 hiyo ni wastani wa sekunde mbili na nusu, mkia wake ukienda mbali zaidi. Hizo tatu hadi tano zako zinatoka hapa kwa sehemu kubwa. Gari linalohama linakwepa fremu yake ya zamani, kama tulivyoona, kwa hiyo jozi inavunjika kweli. Shida ni kusubiri.

Na hapa watu wengi hukosea: kuongeza upana wa masafa hakuponyi jambo hili. Marekani imetenga 5.895 hadi 5.925 GHz kwa teknolojia hii, China 5.905 hadi 5.925, kwa hiyo simulesheni ya 20 MHz ni halali. Lakini 20 MHz inakupa bloku 100 badala ya 50 ndani ya fremu ndogo zile zile 100. Nafasi zinakuwa maradufu, muda haujaongezeka hata chembe. Uziwi wa jozi unabaki vile vile.

Kuna kosa la tatu, nalo ni la mpangilio wako mwenyewe. Nafasi iliyoshikiliwa ina upana wa chaneli ndogo mbili. Ujumbe wa tano ukija na baiti 300 unahitaji tatu. Hautoshi, na programu nyingi za simulesheni hapo hulazimisha uchaguzi mpya. Kwa hiyo kila nusu sekunde gari linavunja ahadi lililoitangaza: lile pengo lililokwepwa na wengine linabaki tupu, na nafasi mpya inavamiwa bila taarifa. Kama kuna kitu kimoja cha kurekebisha leo jioni, ni hiki.

Dawa si kutenga tatu daima. Chaneli ndogo tatu kati ya tano zinaacha mbili zisizoweza kubeba ujumbe mwingine wa tatu, na uwezo unaanguka hadi ujumbe mmoja kwa milisekunde. Rudi kwenye hesabu: biti 2,424 ndani ya bloku 18 ni uwiano wa 0.62. Alama ya kwanza mara nyingi inapotea wakati mpokeaji anarekebisha usikivu wake, kwa hiyo halisi ni karibu 0.70. Bado inasomeka kwa QPSK, ingawa masafa yatapungua kidogo kwa ujumbe huo. Njia ninayoipenda zaidi ni kugawa chaneli katika chaneli ndogo mbili za bloku 25 na kila ujumbe uchukue moja. Ukitoa bloku 2 za udhibiti zinabaki 23, na namba inayokubalika chini yake ni 20 (21 na 22 zina 7 na 11 ndani yake). Hizo ni biti 4,320, uwiano wa 0.36 kwa ujumbe mdogo na 0.56 kwa mkubwa. Uwezo ni ule ule, jumbe 200 kwa milisekunde 100, lakini umeondoa chaneli ndogo ya tano iliyokuwa haitumiki, ujumbe mkubwa unatoshea, na hakuna tena pakiti zinazogongana nusu nusu kwa kuanzia mahali tofauti. Mzigo wako unakuwa 120 kwa 200, yaani asilimia 60, bila kuyumba.

Utashawishika kujaribu chaneli ndogo tatu za bloku 15 ili upate nafasi 300. Zinabaki bloku 13, zinatumika 12, biti 2,592. Ujumbe mdogo unaingia kwa 0.60, mkubwa kwa 0.94, ambayo kwa QPSK haina kinga yoyote. Utalazimika kwenda kwenye modulesheni ya 16-QAM, inayobeba biti 4 badala ya 2, na kupoteza masafa. Kwa msongamano wa polepole ndani ya mji inaweza kufaa. Kwa barabara kuu, hapana.

Kuhusu nguvu ya kutuma sitakaa sana. Mzigo ukiwa asilimia 60 kinachokuzuia ni sauti za wenzako, si udhaifu wa mawimbi yako, na wote wakiongeza desibeli 3 uwiano haubadiliki. Ila kuna mvujo unaopaswa kuwemo kwenye modeli yako. Gari lililo mita 5 kutoka kwako na jingine lililo mita 150 wakituma kwenye fremu ndogo moja, nguvu zao zinatofautiana kwa karibu desibeli 30 hata katika uwazi mtupu. Mtumaji wa kawaida huvujisha kwenye bloku za jirani kiasi kilicho desibeli 25 hadi 30 chini ya nguvu yake. Kwa hiyo mvujo wa gari la karibu unalingana na sauti ya gari la mbali, na la mbali halisomeki ingawa hakuna aliyechukua nafasi yake. Kama simulesheni yako inachukulia chaneli ndogo kuwa zimetengana kabisa, hiyo 92 ni ya ukarimu kuliko hali halisi.

Sasa utaratibu wa kurekebisha. Zima kurudia. Weka upana mmoja kwa jumbe zote kama nilivyoeleza. Kisha shughulikia kudumu kwa makosa, na hapa una njia mbili. Ya kwanza ni kushusha 0.8 hadi 0.4 au 0. Ya pili, ambayo ndiyo ningeichukua, ni kubakiza 0.8 na kuongeza utumaji wa mara moja: kila baada ya jumbe 2 hadi 6, namba ikiokotwa kwa bahati nasibu, gari linatuma ujumbe mmoja kwenye nafasi nyingine iliyochaguliwa upya, kisha linarudi kwenye nafasi yake ya kudumu. Wasifu wa Marekani wa SAE (chama cha wahandisi wa magari), J3161/1, unatumia mbinu hii. Jozi iliyogongana au iliyo ziwi inapata upenyo kabla jumbe 6 hazijapita, na kwa kuwa kila gari kati ya hayo mawili lina kihesabu chake, mara nyingi ni mapema zaidi. Gharama yake ni kwamba ujumbe huo mmoja haukutangazwa kabla, na nafasi ya kudumu inabaki tupu mara hiyo. Jumla ya mzigo haibadiliki.

Halafu weka udhibiti wa msongamano, maana 120 ya leo inaweza kuwa 250 kwenye makutano. Kipimo kinachotumika ni sehemu ya chaneli ndogo ambazo, katika fremu ndogo 100 zilizopita, zimepita kizingiti cha nguvu, mara nyingi −94 dBm. Kila gari linalinganisha hilo na matumizi yake lenyewe kwa fremu ndogo 1,000. Katika mpangilio wa mwanzo, ukihesabu ujumbe mdogo tu, ni chaneli ndogo 20 kati ya 5,000, asilimia 0.4. Mzigo ukipanda, gari lipunguze kwanza idadi ya jumbe kwa sekunde, si nguvu. Ujumbe wa gari lililosimama kwenye foleni hauna habari mpya kila milisekunde 100. Kanuni za Ulaya za kutengeneza ujumbe zinafanya hivyo tangu mwanzo: ujumbe mpya hutoka gari likisogea zaidi ya mita 4, likigeuka zaidi ya digrii 4, au kasi ikibadilika zaidi ya 0.5 m/s, na haupiti sekunde 1. Ukitumia kanuni hizo, kumbuka kwamba jumbe zako haziji tena kwa mzunguko ulionyooka. Nafasi iliyoshikiliwa itapita tupu mara nyingine, na ujumbe uliochelewa kidogo utasubiri mzunguko mzima. Pima ucheleweshaji huo.

Kagua pia mwanzo wa simulesheni. Kama magari yote yanazaliwa kwenye sekunde sifuri na kutengeneza ujumbe kwenye milisekunde ile ile, yote yanachagua ndani ya dirisha moja yakiwa na kumbukumbu tupu, na unapata rundo la migongano lisilo na uhusiano na barabara halisi. Yatawanye ndani ya sekunde kadhaa, tupa sekunde 10 za kwanza za matokeo.

Na kwa kila pakiti iliyopotea, andika sababu: fremu moja na msikilizaji, nafasi ileile na mtumaji mwingine, mvujo, au umbali. Makapu manne. Bila makapu hayo utabadilisha vigezo kwa kubahatisha mwaka mzima. Matokeo makuu yawe muda kati ya pakiti mbili zilizopokelewa kutoka gari moja, kwa kila ukanda wa umbali, na usome mkia wake, asilimia 99.9, si katikati.

Kuhusu mnara sasa. Hali ya 3, yaani mgao wa mnara, inaweza kushinda, kwa sharti moja: mnara ujue magari yako wapi. Wenyewe hausikii jinsi gari moja linavyomvamia mwenzake. Unategemea taarifa ambazo magari yanauletea, pamoja na mzunguko na ukubwa wa jumbe zao. Ukizipata, usigawe kwa kujaza chaneli ndogo za fremu ya kwanza kisha ya pili. Gawa muda kwanza. Una magari 120 na fremu 100, kwa hiyo 80 yanaweza kukaa peke yao na 40 yanalazimika kukaa mawili mawili katika fremu 20. Mawili hayo yawe yale yaliyo mbali zaidi. Ni tatizo la kupaka rangi grafu: kila gari ni nukta, fremu ni rangi, na nukta zilizo karibu zisipewe rangi moja. Unapanga upya magari yanaposogea, si kila milisekunde. Kila sekunde moja inatosha, na hata hivyo kila badiliko ni ujumbe wa udhibiti unaotumia masafa ya mnara.

Yanayoharibika huko ni mengine. Gari linapohamishwa kutoka mnara hadi mnara, nafasi yake inaweza kuwa tayari imegawiwa gari jingine upande wa pili. Magari ya kampuni mbili za simu yako kwenye barabara moja na masafa mamoja, na minara yao haipangi pamoja mpaka iwekwe makubaliano. Mahali pasipo na mawimbi ya mnara, gari linarudi kujichagulia. Kwa hiyo hata ukijenga hali ya 3 utahitaji hali ya 4 iliyo nzima nyuma yake.

Ukitaka kwenda mbele zaidi ya LTE, toleo la 16 la viwango vya 3GPP (muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu), lililokamilika mwaka 2020, liligusa kasoro hizi moja kwa moja. Ukitumia vibebeo vidogo vya 30 kHz, kipande cha muda kinakuwa milisekunde 0.5, kwa hiyo una vipande 200 katika milisekunde 100 na uziwi wa jozi unapungua kwa nusu. Gharama ni kwamba 20 MHz inabaki na bloku 51 tu, na kila ujumbe unachukua upana mkubwa zaidi. Gari linakagua uchaguzi wake tena kabla ya kutuma mara ya kwanza, na linaweza kuachia nafasi ikiwa gari lenye ujumbe wa kipaumbele limeitaka. Lakini ukaguzi huo unaona tu nafasi zilizokwisha kutangazwa. Magari mawili yanayotuma mara ya kwanza kwenye kipande kimoja bado yanapita bila kuonekana. Toleo la 17 likaongeza njia ya gari la tatu, lililosikia mgongano, kuwaambia wahusika. Majibu ya mpokeaji nayo yapo, kwa mawasiliano ya wawili au ya kikundi, si kwa matangazo kwa wote kama yako, na kila mara yanapowekwa yanakula alama tatu za kipande. Kwa jumbe zako usiyawashe.

Fanya marekebisho ya hali ya 4 moja baada ya jingine, ukihifadhi makapu manne kila hatua, kisha ndipo ulinganishe na mnara. Kama baada ya utumaji wa mara moja bado kuna jozi zinazonyamaza zaidi ya sekunde moja chini ya mita 100, angalia kapu la mvujo kwanza. Kapu la fremu moja litakuwa limekwisha kupungua sana, na mvujo hauponywi na kihesabu chochote.